Nyuzi 58 za Azizia: Ushuhuda wa Mpima Hali ya Hewa

Kila aliyesomea hali ya hewa kabla ya mwaka 2012 aliikariri namba hii: nyuzi joto 58 za Sentigredi. Hilo ndilo lililohesabiwa kuwa joto kali kuliko yote yaliyowahi kupimwa juu ya uso wa dunia. Lilipimwa Al Azizia, kusini-magharibi mwa Tripoli nchini Libya, tarehe 13 Septemba 1922, majira ya joto ya ukanda ule yakiwa hayajaisha. Namba hiyo ilikuwa vitabuni, kwenye atlasi na kwenye karatasi za mitihani. Sisi wa Afrika tuliitaja kwa fahari kidogo, maana rekodi ya dunia nzima ilikuwa barani kwetu.

Tarehe 13 Septemba 2012, miaka 90 kamili baadaye, Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta.

Mimi ni mpima hali ya hewa. Kazi hii nimeifanya pwani ya Tanzania tangu ujana mpaka sasa nimeota mvi, na miaka ya karibuni nimekuwa nikiwafundisha vijana wanaoingia vituoni. Nimesoma habari nyingi za siku zilizoingia katika historia kwa joto, kwa mvua na kwa vimbunga. Hakuna iliyonifunza kama hii ya Azizia, kwa sababu ya namna ilivyofutwa. Siku ile moja ya ajabu iliwekwa mbele ya siku za kawaida zilizoitangulia na kuifuata, na hizo siku za kawaida ndizo zilizoikana. Tangu hapo nawaambia vijana kila ninapopata nafasi: ukitaka rekodi yako iaminike, iandae katika zile siku ambazo hakuna atakayezikumbuka.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, ili msomaji ajue namba ya joto inatoka wapi.

Joto unalolisikia kwenye taarifa ya habari si la juani. Ni joto la hewa kivulini, lililopimwa ndani ya kibanda cheupe cha mbao chenye kuta za vibao vilivyoinamishwa. Tunakiita kibanda cha Stevenson, kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti aliyekibuni karne ya 19. Vibao vile hupitisha upepo na kulizuia jua. Kibanda husimama juu ya miguu yake ili vipimajoto viwe kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Chini yake panatakiwa nyasi fupi, na pasiwe na ukuta, lami, bati wala saruji karibu. Kwetu tropiki, ambako jua huwa upande wa kaskazini miezi kadhaa na upande wa kusini miezi mingine, kibanda kinafaa kiwe na milango miwili, ili ufungue ule uliolipa jua kisogo.

Ndani ya kibanda cha kawaida mna vipimajoto vinne. Viwili vimesimama wima, kimoja kikavu na kingine kimevikwa kitambaa chenye maji, kwa ajili ya kujua unyevu wa hewa. Viwili vimelazwa. Cha kiwango cha juu kina zebaki na shingo nyembamba inayoizuia isirudi nyuma joto linaposhuka, kwa hiyo hubaki kimeshikilia kilele cha siku mpaka mpimaji akikung'ute. Cha kiwango cha chini kina spiriti, na ndani ya spiriti kuna kijiti chembamba. Spiriti ikinywea kwa baridi hukivuta kijiti, ikitanuka hukiacha pale pale. Asubuhi unasoma kiwango cha chini cha usiku uliopita, jioni unasoma kiwango cha juu cha mchana.

Kusoma kwenyewe huchukua sekunde chache, lakini sekunde hizo zina adabu zake. Unafungua mlango na kuleta jicho usawa wa ncha ya zebaki, kwa kuwa jicho likiwa juu au chini yake namba inahama. Unasoma kwanza sehemu ya kumi ya nyuzi, ndipo unasoma nyuzi kamili. Sababu ni mwili wako wewe mwenyewe: ngozi ina joto, pumzi ina joto, na ukisitasita zebaki itaanza kupanda kwa ajili yako. Ile sehemu ya kumi ndiyo huhama mapema, basi iwahi. Unaandika hapo hapo kwenye daftari ukiwa umesimama, kisha unatazama tena kuhakikisha hukuruka nyuzi tano au kumi. Ukiandika vibaya hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya namba, ile ya kwanza ibaki ikisomeka, na iliyo sahihi unaiandika juu yake. Kanuni hiyo ya kutofuta vijana wengi huiona ni ukiritimba. Mimi huwajibu kwa habari ya Azizia.

Mwaka 1922 Libya ilikuwa koloni la Italia, na kituo cha Azizia kilikuwa katika ngome ya jeshi. Kipimajoto cha kuaminika kilikuwa kimeharibika, mahali pake pakawekwa cha aina ya Six-Bellani, chombo ambacho hata kwa wakati ule kilikuwa kimepitwa. Ni bomba la kioo lililopindwa kama herufi U, lina spiriti na zebaki kwa pamoja. Joto likipanda, zebaki husukuma kijiti kidogo cha chuma. Joto likishuka, zebaki hurudi na kijiti kinabaki kilipofika. Kiwango cha juu husomwa kwenye ncha ya chini ya kijiti, ile iliyoguswa na zebaki. Asiyeelekezwa atasoma ncha ya juu, kwa kuwa kwa macho ndiyo inayoonekana kufika mbali. Na katika chombo cha aina ile, urefu wa kijiti ni sawa na takriban nyuzi 7.

Nyuzi 7 katika kazi yetu ni nyingi mno. Nyuzi 7 ndizo zinazotenganisha asubuhi ya kupendeza ya Julai hapa pwani na mchana wa Februari unaomkimbiza mtu chini ya mwembe. Toa 7 kwenye 58 upate 51: bado ni joto la kutisha, ila linaingia akilini kwa mahali ambapo upepo wa ghibli huvuma kutoka jangwani kuelekea Bahari ya Mediterania.

Shaka juu ya Azizia haikuanza jana. Wataalamu walinong'ona kwa miaka mingi. Uchunguzi rasmi ulihusisha wataalamu kutoka nchi tisa, zikiwemo Libya yenyewe, Italia, Misri na Morocco. Aliyeufungua mlango ni Khalid El Fadli, mkuu wa idara ya tabianchi katika kituo cha taifa cha hali ya hewa cha Libya, ambaye aliitafuta na kuipata karatasi yenyewe ya vipimo vya mwezi ule. Kazi ikiwa katikati, mwaka 2011 Libya ikaingia vitani. Mawasiliano naye yakakatika kwa miezi, na wenzake wa nje hawakujua kama yu hai. Alipopatikana tena, kazi iliendelea pale ilipoachwa.

Karatasi ile ilikuwa na ushahidi wote. Tarehe 11 Septemba 1922, siku mbili kabla ya rekodi, mwandiko unabadilika. Mpimaji mwingine ameingia. Huyu mpya anaandika viwango vya juu na vya chini katika safu zisizo zake, ishara ya mtu ambaye hajaizoea karatasi, achilia mbali chombo. Wachunguzi wakaviweka vipimo vya siku hizo kando ya vile vya vituo vya jirani: havikufanana. Wakaviweka kando ya vipimo vilivyochukuliwa Azizia hiyo hiyo katika miaka iliyofuata: havikufanana pia. Wakazitaja sababu tano za kuifuta rekodi: chombo chenye matatizo, mpimaji asiye na uzoefu, sakafu ya kituo iliyofanana na lami na isiyowakilisha ardhi ya jangwa, kutolingana na majirani, na kutolingana na vipimo vya baadaye vya mahali pale pale.

Tazama mbili za mwisho. Hazisemi lolote juu ya chombo wala juu ya mtu. Zinasema juu ya siku nyingine na vituo vingine, ambako wapimaji wasiojulikana walifungua milango ya vibanda vyao, wakasoma, wakaandika, wakaenda zao nyumbani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba namba yake ya siku ile isiyo na habari ingekuja kuamua kesi ya dunia.

Mpimaji yule wa Azizia simlaumu. Alikabidhiwa chombo kigumu kusomeka, na kila dalili inaonyesha hakupewa maelekezo ya kutosha. Lawama ya namna hiyo ni ya anayekabidhi. Nami namshukuru kwa jambo moja: karatasi yake ilibaki kama alivyoiandika, safu zikiwa zimepishana. Angetokea karani mwenye bidii akaipanga upya na kuinakili kwa unadhifu, mabadiliko ya mwandiko yangepotea, safu zingekaa sawa, na nyuzi 58 zingekuwa bado zinafundishwa leo. Ndiyo maana tunapiga mstari mmoja tu, namba ya kwanza ibaki ikisomeka.

Azizia ilipoondoka, nafasi ikashikwa na Greenland Ranch katika bonde la Death Valley, jimbo la California nchini Marekani, ambako tarehe 10 Julai 1913 palisomwa nyuzi 56.7. Bonde lile liko chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima, na hewa yake ni kavu kabisa. Jua huchoma ardhi isiyo na majani, hewa hupanda, hugonga kuta za milima, hupoa kidogo na kushuka tena, na kila inaposhuka inagandamizwa na kupata joto zaidi. Rekodi ya 1913 nayo ina wanaoitilia shaka, lakini ndiyo inayotambuliwa rasmi mpaka leo. Upimaji bondeni humo umeendelea, na kwa vyombo vya kisasa palisomwa nyuzi 54.4 tarehe 16 Agosti 2020, kisha 54.4 tena tarehe 9 Julai 2021. Bonde lenye vipimo vya miaka zaidi ya mia moja linaweza kutoa hoja zake lenyewe.

Sasa nieleze upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu siku za kawaida kazi yake si kufuta rekodi tu. Kuna siku zinakuja zikiwa haziaminiki kabisa, na siku za kawaida ndizo zinazozithibitisha.

Lytton ni kijiji kidogo cha jimbo la British Columbia, magharibi mwa Canada, pale mto Thompson unapoingia mto Fraser. Kiko kaskazini kama kilomita 5,500 kutoka ikweta. Canada nzima ilikuwa haijawahi kuvuka nyuzi 45, kiwango kilichofikiwa tarehe 5 Julai 1937 katika jimbo la Saskatchewan na kukaa bila kuguswa kwa miaka 84. Tarehe 27 Juni 2021, Lytton ikasoma 46.6. Kesho yake, 47.9. Tarehe 29 Juni, 49.6. Rekodi ya nchi ilivunjwa siku tatu mfululizo na kijiji kimoja, tena kwa nyuzi 4.6, wakati rekodi za joto kwa kawaida huvunjwa kwa sehemu za kumi.

Namba kama hizo zinapomfikia mpimaji yeyote, wa kwanza kushukiwa ni kipimajoto. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini safari hii majirani waliitikia. Kamloops, mji ulio bondeni upande wa kaskazini-mashariki, ulifika 47.3. Kusini, ng'ambo ya mpaka wa Marekani, Seattle ilifika 42.2. Portland ilipanda siku baada ya siku, 42.2, 44.4, kisha 46.7. Na siku za kawaida za Lytton zilikuwepo pia, miaka na miaka ya vipimo vilivyoonyesha kwamba korongo lile, likiwa kavu na limefungwa na milima, ni kati ya sehemu zenye joto zaidi Canada. Ukiweka vyote pamoja, 49.6 inasimama.

Sababu yake inaelezeka. Mgandamizo mkubwa wa hewa ulikaa juu ya eneo lile na kukataa kuondoka. Chini ya mgandamizo wa namna hiyo hewa hushuka kutoka juu, na hewa inayoshuka hugandamizwa na kupata joto, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100. Mawingu hayafanyiki, jua linapiga bila kizuizi, na mwishoni mwa Juni mchana wa kaskazini kule una saa kama 16. Ardhi ikikauka, nguvu ya jua ambayo ingetumika kukausha maji inaishia kuipasha hewa moto. Wanasayansi waliolichambua tukio lile walisema lisingewezekana, au lingekaribia kutowezekana, kama binadamu asingekuwa ameshaipasha dunia joto kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Waliwezaje kusema hivyo? Kwa sehemu ni kwa kulinganisha joto la ukanda ule siku zile na maelfu ya siku za kawaida zilizoandikwa kabla yake.

Tarehe 30 Juni moto ulizuka, na kwa muda mfupi sehemu kubwa ya kijiji ikateketea. Watu wawili walikufa katika moto ule.

Lakini joto lenyewe liliua wengi zaidi, na liliua kimya kimya. Ofisi ya uchunguzi wa vifo ya British Columbia ilihesabu watu 619 waliokufa kwa sababu ya joto lile, kati ya tarehe 25 Juni na 1 Julai. Asilimia 98 walipatwa na mauti wakiwa ndani ya nyumba. Theluthi mbili walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi, na zaidi ya nusu waliishi peke yao. Wengi wao nyumba zao hazikuwa na kiyoyozi, na kwa wengine hata feni haikuwepo, maana ukanda ule ulijengwa kujikinga na baridi. Namba zetu za kibandani husomwa nje, kivulini, penye upepo. Mzee aliyekaa ghorofa ya juu, dirisha likitazama magharibi, alikuwa katika joto ambalo hakuna kipimajoto cha serikali kilicholisoma.

Hapo ndipo napenda vijana waitazame ile safu ya pili ya daftari, ya kiwango cha chini. Magazeti hayaitaki. Nani ataandika kichwa cha habari juu ya joto la alfajiri? Lakini mwili wa binadamu hujirekebisha usiku. Hewa ikipoa, moyo hupumzika, damu hupoa, usingizi huja. Usiku ukikataa kupoa, mwili unaianza kesho ukiwa na deni la jana, na baada ya siku mbili tatu deni hilo huwashinda wazee, wagonjwa na watoto wachanga.

Ufaransa ilijifunza hivyo kwa msiba. Agosti 2003 joto kali liliua takriban watu 15,000 katika nchi hiyo. Mchana Paris ilikaribia nyuzi 40, na namba hiyo ndiyo iliyotangazwa. Kilichokuwa kigeni zaidi ni usiku: tarehe 11 na 12 Agosti, katika kituo cha Montsouris, joto halikushuka chini ya nyuzi 25.5. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hiyo si habari, ni usiku wa kaskazi wowote. Kwa mji ambao nyumba zake hazina feni na wazee wake hawajazoea, ulikuwa ni usiku wa kufisha. Mwaka uliofuata Wafaransa waliweka mfumo wa tahadhari ambao hautazami kilele cha mchana peke yake. Kila mkoa una viwango vyake viwili, cha mchana na cha usiku, na tahadhari hutolewa wastani wa siku tatu unapotarajiwa kuvifikia vyote. Safu mbili za daftari la mpimaji zikawa kengele ya nchi nzima. Na viwango hivyo havikukisiwa. Vilitokana na kuweka rejista za vifo vya miaka mingi kando ya madaftari ya joto ya miaka hiyo hiyo, siku kwa siku.

Wenzetu wa Oman nao wanaujua usiku wa namna hiyo, na wengi wetu pwani hii tuna ndugu kule. Tarehe 26 Juni 2018, Quriyat, mji wa bahari kusini-mashariki mwa Muscat, ulikamilisha siku nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Elewa vizuri: hicho ndicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa, cha usiku. Hakuna mahali duniani palipokuwa pamepimwa usiku wa joto kama huo. Upepo uliokuwa ukishuka kutoka milima ya Hajar uliizuia hewa ya bahari, na hewa inayoshuka, kama nilivyosema, hupata joto. Katika majira ya joto ya Ghuba watu huishi ndani ya viyoyozi, na hiyo ndiyo tofauti kati ya Quriyat na Paris. Lakini kiyoyozi hakimfikii mjenzi aliye juu ya jukwaa wala mvuvi aliye mashuani.

Na sisi? Wapo wanaonijia na kuniambia, mzee, hizo habari ni za Wazungu na Waarabu, sisi joto tumelizoea. Nakubali kwamba pwani yetu, kwa sababu ya bahari, haina kilele cha nyuzi 50. Kilele chetu cha kaskazi, Januari na Februari, huwa nyuzi thelathini na kitu. Lakini sisi tuna unyevu. Jasho hupoza mwili kwa kukauka, na hewa ikishajaa maji jasho halikauki, linatiririka tu. Ndiyo sababu vile vipimajoto viwili vya wima, kikavu na chenye kitambaa, vinastahili heshima sawa na vile vilivyolazwa. Vikikaribiana kusoma, ujue mwili wa mbeba mizigo bandarini hauna pa kutolea joto lake. Mama ntilie anayekaa mbele ya jiko la mkaa chini ya bati saa saba mchana anaishi katika joto ambalo taarifa ya habari haitalitaja. Siku ambayo huku kwetu itakuja kuingia katika historia huenda isiwe na namba ya kushangaza. Huenda ikawa nyuzi 36 zenye unyevu mwingi, siku tano mfululizo, usiku haupoi, umeme umekatika. Tutaitambuaje, kama hatukuandika za kawaida?

Historia ya vipimo vyetu imepita mikono mingi. Wajerumani walipima, Waingereza wakapima, ikaja Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikasimama na yake. Katika kila badiliko kuna madaftari. Nimeona mahali yalipohifadhiwa vizuri, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuingizwa kwenye kompyuta. Nimeona pia mahali yalipokuwa stoo, chini ya viti vibovu, mchwa wamekula pembe na maji ya mvua yamezishikamanisha kurasa zikawa kama ubao. Niliinua moja kwa mikono miwili. Kurasa za juu zilikuwa bado zinasomeka, kwa wino wa buluu, mwandiko ulionyooka wa mtu aliyeandika kila saa tatu asubuhi na kila saa tisa alasiri bila kuruka. Za chini zilikuwa zimekwisha. Huyo alifanya kazi yake yote, na sisi ndio tuliomwangusha.

Sasa tumeingia zama nyingine. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaiondoa zebaki katika vyombo vya kupimia, na ni haki, kwani zebaki ni sumu. Mahali pake inakuja mitambo inayojiendesha yenyewe, inayosoma kila dakika na kutuma namba kwa simu. Naipokea kwa mikono miwili. Inapima usiku wa manane bila kusinzia, na inaweza kusimama mahali ambapo hakuna mtu wa kukaa. Ila ina masharti, na naomba wakubwa wanaoamua bajeti wayasikie. La kwanza, mtambo mpya usimame kando ya kibanda cha zamani, vipime pamoja angalau mwaka mzima na ikiwezekana zaidi, ili tujue vinatofautiana kwa kiasi gani kabla ya kukiondoa cha zamani. Bila hivyo, siku moja mjukuu wetu ataona joto limeruka na hatajua ni dunia iliyobadilika au ni chombo. Ndilo lile lile la Azizia, mwandiko kubadilika tarehe 11. La pili, mtambo unahitaji mtu. Buibui hutaga ndani yake, nyasi huota zikaufunika, jirani hujenga ukuta, halmashauri hupitisha lami. Mtambo hautaandika kwamba pembeni yake pamejengwa stendi ya daladala. Mtu ataandika.

La tatu ni la mafunzo. Kijana asikabidhiwe chombo asichokijua kwa sababu tu mwenzake amehamishwa. Akae naye, asome naye, wote wawili waandike namba zao na kuzilinganisha mpaka zikubaliane. Gharama yake ni siku chache za mshahara. Kuirekebisha Azizia kulichukua miaka 90 na wataalamu wa nchi tisa.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii nina maombi mawili. Ukisikia kwamba leo joto limevunja rekodi, uliza limelinganishwa na miaka mingapi na kituo gani. Swali hilo linatulazimisha sisi kuwa na jibu. Na usiku ukikataa kupoa siku ya pili mfululizo, usingoje tangazo. Mpitie bibi anayeishi peke yake, mfungulie madirisha, mpe maji, mkalishe penye upepo, umguse ngozi uone kama bado anatoa jasho. Wale 619 wa British Columbia wengi wao walikuwa na majirani.

Kwa kijana wa kituoni ninalo moja tu. Kesho saa tisa alasiri zebaki au mtambo utakuonyesha namba isiyo na habari, labda 31.4, sawa na jana na sawa na juzi. Iandike kama vile dunia nzima itakuja kuisoma, kwa sababu siku kubwa ikifika, ndiyo itakayotuambia ni kubwa kiasi gani.